Wengi Wape

Neno kura limetoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani kupiga kura hakukuwa kuchagua kiongozi. Kulikuwa kutafuta bahati. Watu walipokuwa na kitu kimoja kisichogawanyika, au kazi moja ambayo hapana aliyeitaka, walipiga kura, na jina lililotoka ndilo lililokuwa. Hapana aliyelaumiwa, maana hapana aliyechagua. Baadaye neno hilohilo likapewa kazi iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Leo kupiga kura ni kitendo cha mtu mzima aliyefikiri, akapima, kisha akasema ni nani amtakaye kuwa kiongozi wake. Mimi nafundisha lugha, si sheria, na safari za maneno hunipendeza. Lakini iko jamhuri moja kubwa ya shirikisho ambamo maana ya zamani ya neno hili haijafa, na jamhuri hiyo ndiyo niitakayo kuizungumzia hapa.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 2016 nilikuwa darasani nikieleza methali isemayo "Wengi wape". Nilisema kwamba hekima yake ni ya amani: watu wakihitilafiana, shauri la wengi lifuatwe, na wachache wangoje zamu yao. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, mbona Marekani mwenye kura nyingi ameshindwa?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu fupi la kumpa. Jibu refu ni hili, na ingawa limekawia, halijapitwa na wakati, kwa kuwa kanuni iliyomshangaza kijana yule ingali ni sheria.

Nasema tangu mwanzo ninalolishika. Rais ni mtu mmoja kwa watu wote, na kura ya kumchagua yapasa kuwa na uzito mmoja kwa kila aipigaye. Majimbo yana haki zao na mahali pa kuzidai. Uchaguzi wa Rais si mahali hapo.

Tutazame kwanza jinsi jambo lenyewe linavyotendeka. Raia wa Marekani hamchagui Rais moja kwa moja, ijapokuwa jina la mgombea limeandikwa katika karatasi aishikayo. Huchagua wajumbe wa uchaguzi wa jimbo lake, na wajumbe hao ndio wamchaguao Rais. Wajumbe wote ni 538, na mwenye kupata 270 ameshinda. Kila jimbo hupewa wajumbe kwa idadi ya viti vyake katika Baraza la Wawakilishi, ambavyo hutolewa kwa kadiri ya watu, pamoja na viti vyake viwili vya Senati, ambavyo kila jimbo hupata sawasawa, liwe kubwa au dogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2020, California ilikuwa na watu 39,538,223, ikapewa wajumbe 54. Wyoming ilikuwa na watu 576,851, ikapewa wajumbe 3. Msomaji na agawanye mwenyewe. Ataona kwamba mjumbe mmoja wa California asimama kwa watu zaidi ya 732,000, na mjumbe mmoja wa Wyoming kwa watu zaidi ya 192,000. Kwa mizani hii mtu mmoja wa Wyoming ana uzito unaokaribia ule wa watu wanne wa California, na wote ni raia wa nchi moja, walipao kodi moja, na watumikao katika jeshi moja.

Hili ni kosa, lakini si kosa kubwa kuliko yote. Kubwa zaidi ni desturi ya mshindi kutwaa wajumbe wote wa jimbo. Katiba haikuagiza jambo hilo. Majimbo yenyewe yalijitungia sheria hiyo, kila moja likiogopa kugawanya nguvu zake ilhali jirani yake hagawanyi, na leo Maine na Nebraska tu ndiyo yafuatayo njia nyingine. Tazama matunda yake. Mwaka wa 2020 mgombea wa chama cha Republican alipata kura zaidi ya milioni 6 katika California. Hizo zilikuwa nyingi kuliko alizopata Texas, jimbo alilolishinda. Kura zake za Texas zilimpa wajumbe wote 38, na zile za California hazikumpa hata mmoja. Huko Texas nako, watu zaidi ya milioni 5 waliompigia mgombea wa Democratic walirudi nyumbani mikono mitupu. Watu hao hawakushindwa na hoja. Walishindwa na anwani zao. Mtu akihamia ng'ambo ya mpaka wa jimbo, rai yake ileile, asiyoibadili hata kidogo, hupata thamani au huikosa. Ndiyo maana nikasema kwamba kura ya namna hii haijaachana na maana yake ya kale: ni bahati ya mahali mtu alipo.

Mtu aweza kusema kwamba utaratibu wa kale una hekima yake, na kwamba waliouunda walikuwa watu wenye busara. Sina haja ya kuwavunjia heshima. Walakini busara yao ilikuwa na shida zake za siku zile, na shida hizo zimeandikwa. Katika mkutano wa Philadelphia mwaka wa 1787, James Wilson wa Pennsylvania alitoa shauri kwamba Rais achaguliwe na watu wenyewe. James Madison wa Virginia, aliyekuja kuitwa baba wa Katiba hiyo, alikiri tarehe 19 Julai kuwa watu wenyewe ndio wafaao zaidi kwa kazi hiyo. Kisha akataja kizuizi: haki ya kupiga kura ilikuwa imeenea zaidi Kaskazini kuliko Kusini, na Kusini isingepata nguvu yoyote katika uchaguzi kwa ajili ya Weusi wake. Njia ya wajumbe, akasema, iliondoa kizuizi hicho.

Iliondoaje? Mkutano ulikuwa umekwisha kukubaliana kwamba katika kugawa viti vya Wawakilishi, mtumwa ahesabiwe kuwa sehemu tatu katika tano za mtu. Idadi ya wajumbe wa uchaguzi ilipofuata idadi ya viti, hesabu hiyo iliingia pia katika kumchagua Rais. Virginia, iliyokuwa na watumwa zaidi ya 290,000 katika hesabu ya mwaka wa 1790, ilipata wajumbe kwa ajili ya watu ambao haikuwaruhusu kupiga kura, wala kusoma, wala kuondoka shambani. Si ajabu basi kwamba katika miaka 36 ya kwanza ya jamhuri ile, miaka 32 ilitawaliwa na Marais wa Virginia, na wote wanne walikuwa na watumwa. Sisemi kwamba utumwa ulikuwa sababu pekee. Ilikuwako hofu ya umbali, na hofu ya watu wasiowajua wagombea wa mbali, na hofu ya umati. Lakini hofu hizo zilikuwa na dawa nyingine, na wakati umekwisha kuziponya. Utumwa ndio uliolipwa kwa utaratibu huu malipo yanayohesabika.

Sisi wa mwambao huu, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, hatuna budi kulisoma jambo hili kwa makini. Mtumwa kunyimwa kura ni dhuluma moja. Mtumwa kuhesabiwa ili bwana wake apate kura zaidi ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza, kwa maana mwili wake umetumiwa kuwa jiwe la mizani la yule anayemdhulumu.

Tena dhuluma hiyo haikukoma utumwa ulipofutwa mwaka wa 1865. Baada ya hapo Mweusi alihesabiwa kuwa mtu kamili, na mwaka wa 1870 Katiba ikakataza kumnyima mtu kura kwa ajili ya rangi yake. Lakini majeshi ya serikali kuu yalipoacha kulinda haki hizo mwaka wa 1877, majimbo ya Kusini yaliwanyang'anya Weusi kura kwa vitisho, kwa kodi ya kura, na kwa mitihani ya kusoma iliyotungwa ili washindwe. Kwa njia ya wajumbe, majimbo hayo hayakupata hasara yoyote kwa kuwanyamazisha. Jimbo lilipewa wajumbe kwa watu wake wote, nalo likawaacha wachache wakaamua kwa niaba ya wote. Bwana wa zamani alipata sehemu tatu katika tano. Mjukuu wake alipata tano katika tano, na mpaka Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka wa 1965 hapana mtu aliyemdai. Kama kura zingehesabiwa kwa nchi nzima, kila jimbo lililowafungia watu wake mlango lingejipunguzia nguvu lenyewe.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba yaliyopita si ndwele. Haya, tuyatazame yaliyopo. Mara 5 mtu ambaye hakuongoza kwa kura za watu amekuwa Rais: mwaka wa 1824, 1876, 1888, 2000 na 2016. Mwaka wa 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa kura zaidi ya 500,000 katika nchi nzima, lakini jambo likaamuliwa kwa tofauti ya kura 537 katika Florida. Mwaka wa 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura zaidi ya milioni 2.8, akashindwa.

Nisidhaniwe kwamba ninashika upande wa chama. Mwaka wa 2004 Bush aliongoza kwa kura milioni 3, na kama watu 60,000 hivi wa Ohio wangegeuza mawazo yao, John Kerry angalikuwa Rais, na malalamiko yangetoka upande wa pili. Mwaka wa 2020 Joe Biden aliongoza kwa kura zaidi ya milioni 7, lakini ushindi wake ulisimama juu ya tofauti ndogo katika Arizona, Georgia na Wisconsin, ambazo kwa jumla hazikufika kura 43,000. Kama tofauti hizo zingaligeuka, wajumbe wangekuwa 269 kwa 269, na shauri lingekwenda katika Baraza la Wawakilishi, ambako katika jambo hilo kila jimbo lina sauti moja tu, Wyoming sawa na California. Mwaka wa 2024 Trump aliongoza kwa kura za watu na kwa wajumbe pia, na hapo hapana aliyekuwa na haki ya kunung'unika juu ya hesabu. Saa mbovu nayo husema kweli mara mbili kwa siku, wala hatuisifu kwa hilo.

Sasa nije kwa hoja za watetezi, maana wahenga wamesema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wasema kwanza kwamba majimbo madogo yatasahauliwa. Ningeiogopa hoja hii kama majimbo madogo yangekuwa yanakumbukwa sasa. Wagombea hawaendi Wyoming, wala Vermont, wala Delaware, kwa sababu matokeo ya huko yanajulikana kabla ya siku ya kura. Huenda Pennsylvania, Michigan na Wisconsin, na majimbo mengine machache ambayo mizani yake yayumba. Mkulima wa Wyoming na mvuvi wa California wamesahauliwa pamoja. Kura zikihesabiwa kwa nchi nzima, kura moja ya Wyoming itakuwa na faida ileile ya kura moja ya Pennsylvania, na mwenye kuitaka itampasa aitafute.

Wasema pili kwamba miji mikubwa itatawala mashamba. Hesabu yakanusha. Miji 10 mikubwa kuliko yote ya Marekani, New York ikiwamo, kwa jumla haina hata sehemu moja katika kumi ya watu wa nchi. Hata kama watu wote wa miji hiyo wangekuwa na mawazo mamoja, na hawana, wasingeweza kumweka Rais.

Wasema tatu, na hii ndiyo hoja yao yenye uzito, kwamba nchi ile ni shirikisho la majimbo, na kwamba mwenye kuhesabu watu peke yao amelivunja shirikisho. Najibu kwamba shirikisho limekwisha kupewa nyumba yake. Katika Senati kila jimbo lina viti viwili. Mwaka wa 1790 Virginia, iliyokuwa jimbo kubwa kuliko yote, ilikuwa na watu kama mara 13 ya Delaware. Mwaka wa 2020 watu wa California walikuwa zaidi ya mara 68 ya watu wa Wyoming, na viti vingali viwili kwa viwili. Katiba yenyewe yasema kwamba hapana jimbo litakalonyimwa usawa huo pasipo ridhaa yake. Mimi siutaki uondolewe. Jimbo dogo liliingia katika muungano kwa ahadi, na ahadi ni deni. Lakini mtu aliyelipwa deni lake katika Senati hana haki ya kulidai mara ya pili katika uchaguzi wa Rais. Tena wanaotaja usawa wa majimbo wangetukumbusha pia Wilaya ya Columbia, penye mji mkuu wa nchi, ambayo mwaka wa 2020 ilikuwa na watu 689,545, wengi kuliko wa Wyoming, na ambayo haina kiti hata kimoja katika Senati. Na Puerto Rico, ambayo watu wake ni raia tangu mwaka wa 1917, na ambao mwaka ule wa 2020 walizidi milioni 3, haina hata mjumbe mmoja wa kumchagua Rais anayeweza kuwapeleka vitani.

Yatosha pia kuuliza jinsi majimbo yenyewe yanavyowachagua magavana wao. Yote 50 huhesabu kura za watu. Georgia ilikuwa na desturi ya kuzipima kura za uteuzi wa chama kwa wilaya, ili wilaya ndogo za mashamba ziushinde mji wa Atlanta; Mahakama Kuu ya nchi iliivunja mwaka wa 1963, ikisema kwamba usawa wa kisiasa maana yake ni mtu mmoja, kura moja. Mwaka uliofuata Mahakama hiyo ilikataza mpango wa Alabama, ambamo wilaya yenye watu zaidi ya 600,000 na wilaya yenye watu 15,000 na kitu zilikuwa na senata mmoja mmoja katika baraza la jimbo. Mississippi iliandika katika katiba yake ya mwaka wa 1890 kwamba gavana hana budi kushinda kura za watu na pia sehemu nyingi za uchaguzi. Wapiga kura wake wakaifuta kanuni hiyo mwaka wa 2020. Hapana jimbo lililovunjika kwa ajili hiyo. Basi jambo ambalo ni dhuluma ndani ya kila jimbo lawezaje kuwa hekima katika nchi nzima?

Wamarekani wenyewe si vipofu. Mwaka wa 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha badiliko la Katiba ili Rais achaguliwe moja kwa moja. Zaidi ya wajumbe 330 waliunga mkono, na 70 tu wakapinga. Rais Richard Nixon alilikubali. Mwaka wa 1970 likafia katika Senati, si kwa kushindwa kwa hoja, bali kwa maneno yasiyokwisha. Masenata wa Kusini waliotetea ubaguzi wa rangi, wakisaidiwa na baadhi ya wale wa majimbo madogo, waliongea mpaka nafasi ya kupiga kura ikapotea, na waliotaka kuyafunga mazungumzo walikuwa wengi lakini hawakufika theluthi mbili. Badiliko likarudi mwaka wa 1979, likapata kura 51 kwa 48, na hizo pia hazikutosha.

Tangu mwaka wa 2007 imefuatwa njia nyingine. Majimbo huahidiana kwamba yatawapa wajumbe wao mgombea aliyeongoza katika nchi nzima, na ahadi itaanza kutenda kazi siku yatakapofikisha wajumbe 270. Kufikia mwaka wa 2024 majimbo 17 na Wilaya ya Columbia, yenye wajumbe 209, yalikuwa yameingia. Naiheshimu nia yake, lakini naiita kiraka. Ahadi iliyotungwa na mabunge ya majimbo yaweza kutanguliwa na mabunge hayohayo, na nchi isiyokuwa na uhakika wa kanuni yake ya kumpata Rais ina hatari kubwa. Kilicho haki ni badiliko la Katiba lenyewe, ijapokuwa lataka theluthi mbili za mabaraza yote mawili na ridhaa ya majimbo 38. Ugumu wa kazi si ushahidi kwamba kazi ni mbaya.

Mtu ataniuliza, Mswahili ana nini na kura za Marekani? Analo jambo lake. Tarehe 5 Juni 1963, Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza mjini Nairobi nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki. Halikuundwa. Lakini mkataba wa Jumuiya uliotiwa sahihi Arusha mwaka wa 1999 umelitaja tena shirikisho la kisiasa kuwa mwisho wa safari. Siku tutakapokaa kuandika katiba hiyo, wadogo watawaogopa wakubwa, na hofu yao itakuwa ya haki. Na yumkini atasimama mtu kutuambia kwamba Wamarekani walikwisha kuipata dawa. Inafaa tuijue dawa hiyo ilichemshwa katika chungu gani.

Dawa nyingine ziko, na ziko katika Afrika. Nigeria, ambayo ni jamhuri ya shirikisho, humtaka Rais aongoze kwa kura za wananchi na pia apate si chini ya robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo. Kenya, kwa Katiba ya mwaka wa 2010, humtaka apate zaidi ya nusu ya kura zote na si chini ya asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu. Sisemi kwamba chaguzi za nchi hizo hazina kasoro. Nasema kwamba kanuni hizi humlazimisha mgombea atembee nchi nzima, na hazimpi aliyezidiwa kura ushindi juu ya aliyemzidi. Asiyeenea aweza kuzuiwa, lakini mchache hawekwi juu ya wengi. Hapo mdogo amelindwa bila mkubwa kupunguzwa utu wake.

Kijana aliyeniuliza swali amekwisha kuhitimu, na yamkini yeye sasa ni mwalimu. Kama atalisoma jibu hili, ningependa alifundishe hivi: kwamba methali haisemi wengi wana akili kuliko wachache, wala haisemi wengi hawakosi. Yasema wapewe, kwa sababu mtu akishindwa na wenziwe waliohesabiwa sawa naye, aweza kuinama pasipo kuona aibu, akangoja zamu yake. Akishindwa na mpaka wa jimbo, hana la kungoja.